Niliyemwita Msalaba

Mdogo wangu mpendwa, Nusu Kilo wa baba,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako. Natumaini karatasi hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na wapwa zangu wote, na kama yupo anayekohoa, basi na liwe vumbi la chaki ya darasani kwako, wala si ugonjwa. Yule mdogo ameshaanza kutembea? Mara ya mwisho uliniambia anashika kuta kama mlevi wa heshima.

Sisi huku tu wazima kwa kiasi. Wifi yako mgongo unamsumbua, lakini ulimi haujambo. Baba anakula vizuri, anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu asubuhi, na juzi alimfukuza paka wa jirani kwa mkono wa kushoto, akafurahi siku nzima. Mimi mwili ni mzima. Yaliyobaki ndiyo yaliyonikalisha hapa na kalamu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu ni moja: kwenye simu mimi ni mwepesi wa kuruka. Ukiniuliza jambo zito nakimbilia mzaha, na mzaha ukiisha nakwambia mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na uimalize kabla hujaamua kunichukia.

Chumba cha mbele unakikumbuka, kile ambacho baba alikuwa akitengenezea mizani za wenye maduka. Meza yake bado ipo, na vile vyuma vya kupimia bado vimepangwa kuanzia mkubwa hadi mdogo kama watoto wa shule mstarini. Kitanda kipo palepale tulipokiweka ulipokuja siku zile alipoanguka, wewe na tumbo lako la miezi saba, karibu na dirisha la barabarani, ili awaone wapita njia nao wamwone. Mtaani bado anaitwa Mzee Mizani. Wanaopita humsalimu kwa kupiga kelele, utadhani kiharusi kilimpiga masikioni, naye huinua mkono wa kushoto. Wa kulia umelala mapajani. Maneno yake unayajua yalivyobaki: machache na mafupi, lakini akili ipo yote, hakuna hata gramu moja iliyopungua.

Kumhudumia ni kazi, sitakudanganya, ingawa huko mbele utaona mengine niliyokudanganya. Asubuhi, kabla sijaenda kwenye mabango yangu, namwosha, nambadilisha nguo, na mara mbili kwa wiki namnyoa ndevu. Baada ya hapo nachukua brashi zangu na kuondoka. Wifi yako ndiye anayefua mashuka, anayepika supu laini na kuipoza, anayemgeuza ubavu mchana kutwa na kumpaka mafuta visigino ili asitoke vidonda. Ukipima kwa haki, mimi nafanya saa moja, yeye anafanya siku nzima. Lakini mwanamume akimwosha baba yake, mdogo wangu, habari zinatembea. Mwanamke akifanya hivyohivyo, hiyo si habari, hiyo ni Jumanne.

Basi kanisani wakaanza kunitazama kwa jicho jingine. Mimi niliyejulikana kama yule mwandika mabango anayesahau herufi na kuichomeka juu kwa juu, sasa nikipita naambiwa Mungu akulipe. Nikichelewa ibada napishwa kwenye kiti cha mbele. Mama mwenye duka la dawa, yule asiyemsifu mtu hata kwa bahati mbaya, alisema mbele za watu kwamba angejaliwa mtoto kama mimi angekufa akicheka. Sifa ni tamu, Nusu Kilo. Hazina mfupa. Unazimeza tu.

Unakumbuka pia nilivyokujibu mwaka jana ulipoomba kumchukua baba akakae kwako. Nilikwambia daktari amekataza asisafiri, na kwamba baba mwenyewe amesema hatoki nyumbani kwake. Hilo nitalirudia.

Sasa miezi miwili iliyopita mchungaji wetu aliitisha semina ya siku tatu juu ya maana ya kujitwika msalaba kwa Mkristo wa leo. Bango niliandika mimi, herufi nyekundu kwenye kitambaa cheupe cha mita sita, na safari hiyo sikukosea hata nukta. Siku ya mwisho, Jumamosi mchana, mchungaji akaomba kila mtu ajiulize: wewe, msalaba wako ni upi? Watu wakaanza kusimama. Mmoja akasema msalaba wake ni magoti. Mwingine akasema ni jirani anayefungulia muziki. Fundi bomba akasema wa kwake ni mama mkwe, kanisa likacheka, kisha likageuka kuangalia kama mama mkwe yupo. Alikuwepo.

Ndipo nikasimama mimi. Nilijua tangu asubuhi kwamba nitasimama. Shati jeupe nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe. Nikasema, “Msalaba wangu umelala chumba cha mbele nyumbani kwangu. Msalaba wangu ni baba yangu.” Kanisa likanyamaza kimya, na kimya kile ndicho kilichoniponza. Niliona ni kitamu, nikataka kukiongeza. Nikaeleza anavyojichafua. Nikaeleza harufu. Nikaeleza asubuhi moja nilivyomkuta analia kama mtoto kwa sababu hakuwahi kuniita mapema, na kwamba aliniomba nisimwambie mtu. Ndiyo, hata hilo nililisema. Kwamba aliniomba nisimwambie mtu, nililisema mbele ya watu mia mbili.

Kwaya ikaanza kuvumisha wimbo taratibu. Akina mama wakatoa leso. Nami nikalia, na huku nalia nilikuwa nasikiliza ninavyolia.

Wifi yako alikuwa amekaa nyuma. Tulipofika mlangoni kwetu akaniambia, “Msalaba wako, mume wangu, mashuka yake nafua mimi.” Akaingia ndani kuyaanua. Nilikasirika. Nilimwona ana wivu wa mambo ya kiroho. Wiki mbili baadaye jina langu likawekwa kwenye orodha ya wanaopendekezwa kuwa wazee wa kanisa, nikampelekea habari hiyo jikoni kama mtu anayepeleka hukumu ya mahakama. Akasema hongera, akaendelea kuchambua mboga.

Kumbe bwana wa vipaza sauti vya kanisa alikuwa akirekodi. Ushuhuda wangu ukaingia kwenye simu za washirika, ukatumwa huku na huku. Mimi mwenyewe nilitumiwa na watu saba, na nikausikiliza mara saba.

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, nilikuwa narudi kutoka kuandika jina la kinyozi kwenye kioo chake. Kabla sijagusa kitasa cha mlango nikasikia sauti yangu. Sauti yangu ilikuwa ndani, na mimi nilikuwa nje. Nikaingia. Kamati ya kutembelea wagonjwa ilikuwa imekuja, akina mama watatu, wameketi kwenye viti tulivyoazima kwa jirani. Mama wa duka la dawa alikuwa ameinama kitandani, ameshika simu karibu na sikio la baba. Alifanya kwa nia njema, hilo naliapia. Alikuwa akimwambia, “Sikia, mzee wangu, sikia mwanao anavyokupenda.” Na mimi nilifika wakati simu inaeleza kwamba aliomba nisimwambie mtu.

Baba alikuwa ananitazama mimi, hakuitazama simu. Sijui alikuwa ameshasikiliza dakika ngapi. Uso wake haukuwa wa hasira. Ningeujua wa hasira, tumekua nao. Ulikuwa uso wa mtu aliyekutwa uchi na wageni, akakosa hata taulo la kuvuta. Kisha akafanya jambo ambalo sikujua kama analiweza. Akashika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto, akajivuta mwenyewe, kidogokidogo, mpaka akageukia ukutani. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akina mama wakasali sala fupi, wakaaga, na yule mwenye simu akasahau mkoba wake, akaogopa kurudi kuuchukua.

Siku mbili baba hakupokea kitu kutoka mkononi mwangu. Nikimletea kikombe anafumba mdomo. Akiletewa na wifi yako anakunywa. Kumwosha alikubali, maana hakuwa na njia, lakini alifumba macho tangu nianze hadi nimalize, na mimi niliosha kama mtu anayeosha kitu alichokivunja. Siku ya tatu nikaja na beseni la maji. Akanikamata kifundo cha mkono. Midomo ikahangaika, ikahangaika, mwisho akasema, “Mimi si mti.”

Nikajifanya sijaelewa kwamba ni mti wa ule msalaba wangu. Nikamwuliza, “Mti gani, baba?” Akajigonga kifuani kwa kidole, akarudia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma: “Mimi. Si. Mti.” Kisha akaniachia mkono, na maji yalikuwa yameshapoa.

Nikaenda kwa mchungaji. Nakukiria kwamba sikwenda kutubu, nilikwenda kulalamika. Nilitaka aje azungumze na mzee, amweleweshe kwamba ule ulikuwa ushuhuda tu, na kwamba watu wamejengwa. Nilimkuta katika ile ofisi yake ndogo, anapanga vitabu vya nyimbo vilivyochanika. Alinisikiliza hadi mwisho. Akavua miwani, akasema kosa la kwanza ni lake, maana lile swali aliliuliza vibaya. Aliwauliza watu kinachowauma, wakamjibu kinachowauma, na yeye akaondoka akidhani amefundisha.

Halafu akaniambia, “Ugonjwa wa baba yako si msalaba wako, ndugu yangu. Ugonjwa huingia kwa anayesali na kwa asiyesali, haubishi hodi na kuuliza dini. Msalaba ni kile ambacho ungeweza kukiacha chini ukaenda zako, na hakuna ambaye angekulaumu, lakini unakiokota kwa sababu ya Bwana wako na kwa ajili ya mwenzako.”

Nikamjibu kwamba basi na mimi nimeokota, kwa sababu wapo waliowatelekeza wazazi wao na hakuna aliyewafunga. Nilijiona nimempata. Akapangusa miwani kwa shati, akasema, “Yule aliyeubeba kwanza alivuliwa nguo mbele za watu yeye mwenyewe. Wewe umemvua baba yako.”

Nikasimama niage. Nikiwa mlangoni akaniuliza, bila ukali, “Kuna jambo gani ambalo ukilisema litakuvua wewe?” Nikasema hakuna. Sikufika hata getini nikajua nimesema uongo, maana jambo lipo, na linakuhusu wewe.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu ukurasa wa kwanza, na umeona nilivyozunguka.

Daktari hakukataza. Baba alipotimiza miezi mitatu tangu aanguke, daktari alisema kinyume kabisa: kwamba anaweza kusafiri kwa treni akilala, na kwamba kama kuna ndugu anayeishi karibu na kituo cha mazoezi ya viungo, apelekwe upesi, kwa sababu huku kwetu mazoezi ya namna hiyo hayapo. Wewe unaishi mtaa mmoja na kituo hicho. Uliniambia mwenyewe kwamba unawaona wagonjwa wakipita na fimbo zao asubuhi unapokwenda kufundisha.

Na baba hakusema hatoki nyumbani kwake, kwa sababu baba hakuulizwa. Ile barua uliyomwandikia yeye mwenyewe, kwa kuwa kwenye simu hamwezi kuelewana, ukaniomba nimsomee kwa sababu macho yake hayashiki mistari tena, sikumsomea. Niliisoma peke yangu nimesimama, nikaikunja, nikaitia kwenye kopo tupu la rangi kabatini kwangu, nikaifunika kwa brashi zilizokufa. Kisha nikakujibu uongo, kwa mwandiko wangu mzuri. Na zile mara ulizopiga ukaniomba umsikie anapumua tu, nikakwambia amelala, hakuwa amelala. Alikuwa ameketi, amenyoosha mkono wa kushoto aipokee simu.

Utauliza kwa nini. Nilijiambia kwamba una mtoto mchanga, kwamba shemeji atachoka, kwamba safari ni ndefu. Hizo zilikuwa sababu za kuvaa kutokea nje. Chini yake, mwilini, ilikuwa nyingine. Ungemchukua baba, mimi ningerudi kuwa yule mwandika mabango anayesahau herufi. Nani angenipisha kiti cha mbele? Nani angeniambia Mungu akulipe? Nilihitaji baba awe mgonjwa, na awe mgonjwa kwangu. Ndivyo ilivyokuwa.

Haikuishia hapo. Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa daktari kuuliza habari za ule mkono wa kulia. Akafungua faili, akaniambia hawezi kuapa ungerudi kiasi gani, wengine hurudi na wengine hawarudi, lakini miezi ile ya mwanzo ndiyo iliyokuwa ya kuufanyia kazi, na sasa vidole vimekwisha kukakamaa. Kisha akauliza, bila kujua anachouliza, “Kwani yule binti mwenye kituo karibu na kwake hakuweza kumpokea?” Nikasema aliweza. Akanitazama, akafunga faili. Mkono ule, Nusu Kilo, ndio uliokuwa ukikaza skrubu ndogo kama punje ya mchele, na wenye maduka walikuwa wanasema mizani ikitoka kwa baba hata unyoya unajulikana uzito wake. Sijui kama mimi ndiye niliyemnyang'anya mkono huo. Sitajua kamwe. Wala wewe hutajua, na samahani kwa kukupa mzigo wa kutokujua.

Jumatano, saa nne asubuhi, nikaitoa barua yako kabatini. Ilikuwa inanuka tapentaini ya kuoshea brashi. Wifi yako nilikuwa nimeshamwambia yote jikoni. Alikaa chini kwenye kigoda, akasema, “Mwaka na miezi minne,” basi, halafu akanyanyuka, akaja kusimama nyuma yangu ili nisikimbie. Nikamsomea baba. Nilipofika pale ulipoandika kwamba ile mizani ya zamani aliyokupa ulipoolewa umeitundika barazani, na kwamba wanafunzi wako wanaipimia matunda, akainua kidole nisimame. Akauliza, “Imenyooka?” Nikasema sijui, baba. Akaniashiria niendelee. Nilipomaliza akataka nisome tena kuanzia mwanzo. Nikasoma. Mara hii akauliza, “Lini?” Nilidhani anauliza atakwenda lini, nikaanza kumweleza habari za treni. Akatikisa kichwa, akaigonga karatasi kwa kidole. Alikuwa anauliza barua ilikuja lini.

Nikamwambia. Nikamwambia na pale nilipoiweka, na nilichokuandikia wewe.

Akaniashiria nisogee. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda, nikainamisha kichwa, nikidhani anataka kuniwekea mkono. Akanipiga kofi. Kofi la mkono wa kushoto, la mgonjwa, lisiloweza kuua nzi. Nina miaka arobaini na tisa na sijawahi kupigwa nikaumia namna ile. Nilitamani awe na nguvu zaidi. Halafu akalia, na mimi sikumfuta machozi, maana sikuona kama ninayo haki hiyo. Wifi yako ndiye aliyemfuta.

Baada ya siku chache nilimwomba baba ruhusa. Nilimwambia nataka kusimama kanisani, sitagusa habari zake hata moja, nitasema zangu tu. Akafikiri sana. Akasema, “Fupi.”

Jumapili iliyopita nikasimama. Nilisema kwamba baba yangu si msalaba wa mtu. Kwamba niliyoyasema juu ya mwili wake hayakuwa yangu kuyasema. Kwamba dada yangu aliomba kumtunza, nami nikamdanganya yeye na kumficha baba, ili niendelee kusifiwa na wao waliokuwa mbele yangu. Basi. Haikuzidi muda wa kuandika neno Karibu mlangoni. Safari hii kwaya haikuvumisha kitu. Mtu mmoja alikohoa. Nilitamani machozi yaje nijifiche ndani yake, yakagoma, nikabaki na uso wangu hivihivi mbele za watu mpaka mchungaji aliponiambia nikae.

Jina langu limeondolewa kwenye ile orodha, na ni haki. Mama wa duka la dawa ananipa dawa za baba bila kunitazama. Nadhani anaona nimemwingiza katika aibu isiyo yake, na ni kweli, nimemwingiza. Bwana wa vipaza sauti amewaomba watu wafute ule ushuhuda, lakini kilichotumwa kimetumwa. Wapo wanaosema nimechanganyikiwa kwa uchovu wa kuuguza, na hao ndio wabaya zaidi, maana hata hapo wananitafutia sifa. Fundi bomba peke yake alinifuata nje. Aliniambia baada ya ile semina alikwenda kumwomba radhi mama mkwe wake, akafukuzwa, na kwamba atarudi tena kesho yake.

Usidhani nimepata amani. Jumatatu tu, siku moja baada ya kusimama, mteja mmoja asiyesali kwetu aliniambia wana kama mimi wamekwisha duniani. Nikaipokea sifa hiyo. Nikaenda hadi kona na ngazi yangu begani, nikarudi kumwambia si kweli. Hakuelewa, akaniona wa ajabu, akaniuliza kama bango nitalimalizia. Mchungaji aliniambia kazi hii si ya siku moja, na nafikiri ana haki.

Sasa habari za safari. Kama bado unamtaka, na kama shemeji hajabadili moyo, daktari ameruhusu treni yenye vitanda, tarehe ishirini ya mwezi ujao. Mimi nilijitolea kumleta. Baba akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwa wifi yako. Kwa hiyo atakuja na wifi yako, naye atakaa kwako mwezi mzima kukuonyesha mambo yake yote, yaani yale ambayo mimi kanisani nilisema nayajua. Mimi nitawasindikiza stesheni, nitabeba kiti, nitabaki kwenye jukwaa. Nimelikubali hilo. Sijalizoea, lakini nimelikubali.

Supu asipewe ya moto, hajui tena kuipuliza. Ubavu wa kulia asilale zaidi ya saa moja. Anapenda kukaa anapoona watu. Na akiwa anatafuta neno, nakuomba usimmalizie, hata supu ikipoa. Litakuja. Mimi nilikuwa nammalizia, na kila mara nilimalizia ninavyotaka mimi.

Siombi unisamehe kwa barua ya kurudi. Ukitaka kunitukana, nitukane. Nitayasoma yote, na yale utakayomwandikia baba nitamsomea siku hiyohiyo, hata yawe ya kunisema mimi. Msalimie shemeji, umwambie namwomba radhi, maana najua alishapaka rangi kile chumba mlichomwandalia baba. Wakumbatie wapwa zangu. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama huko kwako maji ya bomba yanatoka kila siku, kwa sababu ya kufua.

Nilimwuliza baba kama ana salamu za kukupa kupitia kwangu, nikaishika kalamu tayari. Alinitazama kidogo, akasema, “Mwenyewe.”

Ni mimi kaka yako mkubwa, ninayeona haya hata kulitia neno hilo sahihi.